Njia Imefupishwa, Nyumbani Tusiirefushe

 

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji kimoja mkoani Tabora. Nina umri wa miaka 26. Najua wapo watakaosema, "Mtoto huyu hajalea hata mmoja, naye anataka kutufundisha mambo ya uzazi." Nawaomba mnivumilie. Haya ninayoyaandika leo sikuyapata chuoni peke yake. Niliyapata alfajiri moja mlangoni pa zahanati, nami nilikuwa na kosa langu.

Ilikuwa wakati wa masika. Mbuga zilikuwa zimejaa maji. Mama mmoja, mwenye mimba ya nne, alianza kutokwa na damu saa tatu usiku. Damu ilikuwa kidogo. Mumewe alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki, mahali ambapo simu haishiki. Nyumbani walikuwapo mama mkwe, shemeji mdogo na watoto.

Walimpigia mume simu, hakupatikana. Wakasema, "Tusubiri kidogo." Baada ya nusu saa wakapiga tena. Hakupatikana. Usiku wa manane damu iliongezeka. Mama mkwe alitaka kumpeleka zahanati, lakini aliogopa. Alijiuliza, "Mwanangu akirudi akakuta nimeuza mbuzi wake na kumpeleka mkewe mbali bila ruhusa, nitamjibu nini?" Wakasubiri kuche.

Saa kumi alfajiri waliona mgonjwa hawezi tena kukaa. Ndipo shemeji akamweka juu ya baiskeli na kuisukuma. Walinifikia saa kumi na moja. Mikono ya mama yule ilikuwa baridi, na mapigo ya moyo yalikuwa yanakwenda mbio. Muuguzi alimwekea dripu. Mimi nilipiga simu namba 115. Gari lilifika baada ya dakika 40. Safari ya kwenda kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji ilichukua saa moja na dakika 20.

Mama alipasuliwa, akaongezewa damu, akapona. Mtoto tulimpoteza. Mume alirudi siku ya tatu na ndoo mbili za asali, akakuta kaburi dogo.

Sasa tufanye hesabu pamoja, kama tunavyofanya darasani kwenye kisomo. Tangu damu ianze mpaka kufika kituo cha afya, ulipita muda wa saa kumi. Gari, pamoja na kulisubiri, lilichukua saa mbili. Baiskeli ilichukua saa moja. Saa saba zilizobaki zilikwisha wapi? Zilikwisha nyumbani. Barabara haikuwa mbaya kwa saa saba. Daktari hakukosekana kwa saa saba. Watu walikuwa wanasubiri ruhusa.

Kosa langu ni hili. Mama yule alihudhuria kliniki mara nne. Tulimpima damu na shinikizo la damu. Tulimpa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Tulimweleza dalili za hatari. Tulijaza kadi yake vizuri. Lakini swali moja hatukumwuliza: "Damu ikitoka usiku, na mumeo hayupo, nani nyumbani kwenu atasema twende?" Kama ningeuliza, ningejua kwamba nyumbani kwao hakuna mtu wa kusema hivyo. Nami ningemwita mume kabla hajaenda porini.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwa nini kina mama wajawazito hufa wakati tiba ipo. Walisema kuna kuchelewa kwa aina tatu.

Kwanza, ni kuchelewa kuamua kutafuta matibabu. Huku hutokea nyumbani.

Pili, ni kuchelewa kufika kwenye matibabu. Huku hutokea njiani.

Tatu, ni kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Huku hutokea kituoni, pale ambapo hakuna mtaalamu, hakuna damu, hakuna dawa au hakuna chumba cha upasuaji.

Ndugu msomaji, nataka kuzungumza juu ya taasisi za hisani. Taasisi ya hisani ni chombo kinachotoa fedha na utaalamu kuwasaidia watu bila kutafuta faida. Taasisi hizo zimefanya kazi katika nchi yetu, hasa sehemu zilizo mbali na huduma. Ukitazama kazi zao kwa makini, utaona kwamba zimepunguza kuchelewa kwa tatu na kuchelewa kwa pili. Lakini kuchelewa kwa kwanza hakuna mfadhili anayeweza kutuondolea. Hayo ndiyo maoni yangu, nami nitaeleza sababu.

Njia yetu ya zamani

Sisi watu wa Tabora tunaishi kwenye njia kuu ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Babu zetu Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga kwa miezi mingi. Lakini njia ile haikuwa na huruma kwa mgonjwa. Aliyeshindwa kutembea, mara nyingi aliachwa.

Hata mzungu David Livingstone, ambaye alikuwa daktari, ilimpata shida hiyo. Mwaka 1867 sanduku lake la dawa lilipotea safarini. Baada ya hapo aliugua mara kwa mara, na elimu yake ya udaktari haikumsaidia sana. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimkuta Ujiji akiwa dhaifu. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu wa Tabora, miezi mingi akisubiri wapagazi. Aliondoka Agosti mwaka huo, na mwaka 1873 akafa katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Tunajifunza nini? Kuwa na mtaalamu peke yake hakutoshi. Dawa ziwepo, na njia ya kumfikisha mgonjwa iwepo. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikosa vyote viwili. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini treni haipiti mlangoni pa kila mtu.

Msaada wa kwanza ulitoka kwa watu wa dini. Wamoraviani walijenga hospitali Sikonge na kuwatunza wagonjwa wa ukoma. Wapentekoste kutoka Sweden walianzisha hospitali ya Nkinga, wilayani Igunga. Wakatoliki waliweka hospitali Ndala, wilayani Nzega. Wengi wetu tumezaliwa au kutibiwa katika hospitali hizo. Lakini kwa mama anayetokwa na damu kijijini, hospitali iliyo umbali wa siku moja ni sawa na hospitali iliyo mwezini.

Kazi ya kusogeza huduma

Sasa tuwatazame jirani zetu wa Kigoma, mwisho wa ile njia ya misafara. Mwaka 2006 taasisi ya Bloomberg Philanthropies ya Marekani ilianza mradi wa kupunguza vifo vya wajawazito Tanzania. Taasisi hii ni ya Michael Bloomberg, tajiri aliyekuwa meya wa jiji la New York. Baadaye taasisi nyingine kutoka Uswisi, inayoitwa Fondation H&B Agerup, iliunga mkono. Shirika la hapa nchini linaloitwa Thamini Uhai lilikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Walifanya nini? Hawakujenga hospitali moja kubwa mjini. Waliona kwamba mama hafiki mjini kwa wakati. Basi wakaishusha huduma. Waliviboresha vituo vya afya vijijini ili viweze kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto. Tena waliwafundisha madaktari wasaidizi kupasua, na wauguzi kutoa dawa ya usingizi. Hawakuleta madaktari bingwa kutoka Ulaya wakae mwezi mmoja na kuondoka. Waliwafundisha watu ambao tayari walikuwa kazini hapa hapa. Kwa kufanya hivyo, kina mama wengi zaidi wa Kigoma walijifungulia katika vituo. Mwaka 2019 kazi ile ilikabidhiwa kwa serikali yetu.

Jambo hilo la kukabidhi ni kubwa. Kwa maoni yangu, mfadhili mzuri ni yule anayeondoka, kazi ikabaki. Kibao cha rangi kilichoandikwa jina la mradi hufifia kwa jua. Lakini mkono uliofundishwa kupasua haufifii. Kuanzia mwaka 2017 serikali nayo ilikarabati vituo vingi vya afya nchini na kuvijengea vyumba vya upasuaji.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu nchini. Mwaka 2006 Rais mstaafu Benjamin Mkapa, aliyefariki mwaka 2020, alianzisha taasisi yake ya hisani. Taasisi hiyo ilijishughulisha na tatizo ambalo sisi wa vijijini tunalijua sana: watumishi wa afya hawataki kuja kwetu, na wakija hawakai. Ilisaidia kuajiri watumishi na kuwapeleka katika wilaya zenye upungufu. Pia ilijenga nyumba za watumishi karibu na zahanati na vituo.

Mtu anaweza kusema, "Nyumba ya mganga inaniponyaje?" Ndugu yangu, inaponya. Mkunga anayelala hatua hamsini kutoka zahanati anaamka ukibisha hodi usiku. Mkunga aliyepanga chumba ng'ambo ya mbuga hakusikii.

Hizo ni kazi za kuondoa kuchelewa kwa tatu.

Kazi ya kuondoa kuchelewa njiani

Kuchelewa kwa pili ni kwa njiani. Hapa nataka kila msomaji aikumbuke namba hii: 115.

Mwaka 2013 taasisi ya hisani ya kampuni ya simu ya Vodafone, pamoja na wenzake, walianza kujaribu mpango wa usafiri wa dharura huko Sengerema na Shinyanga. Shinyanga ni majirani zetu. Mpango huo unaitwa M-mama. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua ili uenee nchi nzima, nao serikali ikauingiza katika kazi zake.

Mpango unafanya kazi hivi. Mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipatwa na hatari, mtu hupiga simu 115. Simu hiyo ni ya bure. Hata kama hakuna salio, itaita. Anayepokea atauliza maswali: mgonjwa ana nini, yuko wapi, kituo gani kiko karibu. Kama gari la wagonjwa lipo, atalituma. Kama halipo, atamwita dereva wa kawaida aliye jirani, ambaye alikwisha kukubaliana na mpango kufanya kazi hiyo. Dereva hulipwa na mpango kwa njia ya simu. Familia haimlipi.

Tazama akili iliyotumika. Kununua gari la wagonjwa kwa kila kijiji kungegharimu fedha nyingi. Lakini magari ya watu yalikuwapo tayari vijijini, yanabeba mahindi na tumbaku. Lililokosekana ni mtu wa kuyaita na fedha ya kumlipa dereva usiku ule ule.

Kazi hizi, pamoja na kazi ya serikali na ya watumishi wote, zimezaa matunda. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 63 kati ya kila 100 walikuwa wanajifungulia katika vituo vya huduma. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wamekuwa 81. Vifo vya kina mama vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika uchunguzi ule wa kwanza. Katika ule wa mwaka 2022 vilikadiriwa kuwa 104. Hayo ni maendeleo. Lakini hao 104 nao ni mama za watu.

Kuchelewa kwa kwanza ni kwetu

Sasa turudi kwenye nyumba ya yule mama. Chumba cha upasuaji kilikuwapo. Gari la 115 lilikuwapo. Muuguzi alikuwapo. Simu yenyewe ilikuwa mkononi mwa shemeji, naye aliitumia usiku kucha kumtafuta kaka yake porini. Hakupiga 115. Namba hiyo hakuijua, na hata kama angeijua, hakuna aliyemruhusu.

Je, taasisi gani ya hisani itakuja kutoa ruhusa katika nyumba zetu? Hakuna. Wala si haki kuwadai. Jambo hili ni letu.

Baadhi ya wazee wataniuliza, "Je, unataka kumvua mwanamume madaraka ya nyumba yake?" Sivyo, mzee wangu. Mkuu wa nyumba anayejua kazi yake hatoi amri akiwapo tu. Huacha maagizo. Ukienda kurina asali, husemi, "Fisi akija msimfukuze mpaka nirudi." Unaacha mkuki na unasema nani atakayelinda zizi. Basi je, mkeo ana thamani ndogo kuliko mbuzi?

Wengine watasema, "Mama mkwe amezaa watoto wanane nyumbani bila shida. Anajua." Ni kweli, anajua mengi, nasi twamheshimu. Lakini damu haihesabu uzoefu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Hakuna dawa ya mizizi wala kidonge cha zahanati kinachoweza kungoja mpaka kuche.

Babu zetu wapagazi walikuwa na busara. Msafara uliondoka alfajiri kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyeanza kuuliza alfajiri ile nani atabeba nini. Kila mmoja alijua mzigo wake, na kirangozi alijua njia. Mimba nayo ni safari ya miezi tisa. Kwa nini mizigo yake tuanze kuifunga usiku wa hatari?

Mambo sita ya kupanga mapema

Nyumba yenye mama mjamzito ikae kikao. Mume awepo, mke awepo, mama mkwe awepo. Wapange mambo haya.

1. Nani ataamua. Mke mwenyewe akisema, "Naumwa, nipelekeni," hilo litoshe. Achaguliwe na mtu mwingine mmoja wa pale nyumbani. Mume aseme mbele ya wote, "Nikiwa sipo, msinisubiri." Maneno hayo ni mafupi, lakini yanaokoa.

2. Dalili za hatari. Kutokwa na damu, hata kidogo. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Kuvimba uso na mikono. Degedege. Homa kali. Maji kutoka kabla ya uchungu. Mtoto kupunguza kucheza tumboni. Uchungu unaodumu zaidi ya saa 12. Ukiona moja tu kati ya hizi, usisubiri ya pili.

3. Namba 115. Iandikeni kwa mkaa ukutani, mahali ambapo kila mtu ataiona. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika karibuni, hii iwe kazi ya kisomo chako wiki hii. Mfundishe na mtoto mkubwa wa nyumba kuisoma na kuipiga. Kama simu haishiki hapo nyumbani, tafuteni mapema mahali inaposhika. Labda ni juu ya kichuguu, labda ni karibu na shule. Msianze kupatafuta gizani.

4. Vitu vya safari. Kadi ya kliniki, kanga safi, sabuni, na fedha kidogo ya chakula. Viwekwe pamoja. Kama ni lazima kuuza kuku au mbuzi, mkubaliane mapema ni yupi na nani atamwuza.

5. Watu wa kusaidia. Nani atamsindikiza mgonjwa? Nani atabaki na watoto? Ndugu gani wawili wako tayari kutoa damu? Damu haitengenezwi kiwandani. Hata taasisi tajiri kuliko zote duniani haiwezi kuinunua dukani. Hutoka katika mkono wa mtu mwenye afya. Kutoa damu hakumdhoofishi mtu mzima aliyepimwa na kuonekana anafaa.

6. Mahali pa kusubiri. Kama nyumba iko ng'ambo ya mbuga na masika yamekaribia, mama asogee karibu na kituo wiki chache kabla ya kujifungua. Akae kwa ndugu, au katika nyumba ya wajawazito kama kituo kinayo.

Tusiwe watu wa kungoja

Nitasema jambo moja zaidi, nanyi msikasirike.

Tabia ya kusubiri haiko kwa wagonjwa tu. Nilipofika katika zahanati yangu, nilikuta tangi la maji ya mvua lililoletwa na wafadhili. Bomba lake lilikuwa limevunjika. Maji yalikuwa yanamwagika kila mvua inaponyesha. Niliwauliza wenzangu, wakasema, "Tunawasubiri walioleta." Nami nikasubiri pamoja nao miezi minne! Tulikuwa tunamwosha mama aliyejifungua kwa maji ya kuteka kisimani. Siku moja fundi baiskeli wa kijiji alikuja kutibiwa jicho. Akalitazama bomba lile, akaenda kuchukua spana yake. Alilitengeneza kabla uji wa wagonjwa haujaiva.

Tangu siku hiyo kamati ya zahanati imekubaliana: kitu kikikabidhiwa kwetu ni chetu. Kikivunjika tunatengeneza. Tukishindwa ndipo tunaomba.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo na kujadiliana. Kisha wakaondoka hapo na majembe. Walichimba vyoo, walifyeka majani kuzunguka nyumba, walisafisha visima. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Redio ilisema, na watu wakachimba.

Ndivyo ninavyoziona taasisi za hisani leo. Tuzishukuru. Tuzipokee kwa moyo mwema. Tuziulize maswali pia: mnamfundisha nani, mtaondoka lini, na mkiondoka nini kitabaki? Lakini tusiziachie kazi iliyo yetu. Wao wamefupisha njia kutoka siku mbili mpaka saa mbili. Tukiirefusha tena nyumbani kwa saa saba, tumewatupia kazi yao mtoni.

Mimi nimebadili kazi yangu. Siku hizi mama mjamzito akija kliniki mara ya kwanza, mimi na muuguzi tunauliza lile swali ambalo sikuliuliza zamani: "Nani atasema twende?" Wengine hucheka. Wengine hunyamaza sana, na wale wanaonyamaza ndio ninaomba waje na waume zao, au na mama wakwe zao.

Na yule mama mkwe wa usiku ule? Sasa yeye ndiye anayepita nyumba kwa nyumba katika kitongoji chake. Sikumtuma. Anawaambia wakwe wenzake maneno machache tu: "Mimi nilisubiri. Ninyi msisubiri."

Amenizidi kwa kufundisha. Nami namwamkia shikamoo kila ninapomwona.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba yako, mama mjamzito akiugua usiku na mume hayupo, nani atatoa uamuzi? Je, jambo hilo limekwisha kusemwa wazi, au mnadhani tu kwamba linajulikana?

2. Tajeni dalili tano za hatari kwa mama mjamzito bila kutazama gazeti.

3. Namba ya simu ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga ni ipi? Katika kitongoji chenu simu inashika wapi?

4. Ni kitu gani kijijini kwenu kililetwa na wafadhili, na sasa kimeharibika? Nani kijijini anaweza kukitengeneza wiki hii?

Tabibu Msaidizi,
Tabora